Anayepona upasuaji wa tumbo apewe muda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watu waliopungua uzito kwa kiasi kikubwa, kisha wakafanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi iliyobaki ikining'inia tumboni. Mimi ni mmoja wao, na ninasikitishwa na jinsi ndugu na waajiri wetu wanavyouhesabu upasuaji huu kuwa urembo tu, hata wakamtarajia mgonjwa arejee katika shughuli zake zote baada ya siku chache.

Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi mara nyingi hairudi mahali pake hata kwa mazoezi, na chini ya mikunjo yake jasho hukaa likaleta vipele na vidonda visivyokwisha. Ili kuiondoa, daktari hupasua karibu kutoka nyonga moja hadi nyingine, na mara nyingi huishona pia misuli ya tumbo iliyoachana. Ndiyo maana siku za mwanzo mgonjwa hutembea ameinama, pengine akiwa na mirija ya kutolea majimaji, na huvaa vazi la kubana tumbo kwa wiki kadhaa.

Lililo zito kuliko yote ni hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, kwa sababu bonge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Kwa sababu hiyo mgonjwa huhimizwa kuanza kutembea mapema, polepole na mara kwa mara, jambo ambalo ndugu wengi hulipinga kwa mapenzi mema kabisa wakimtaka alale kutwa nzima. Tafadhalini, msaidieni ainuke. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, apelekwe hospitalini mara moja, asingojee siku ya kliniki.

Kuna pia suala la chakula, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Aliyepungua kwa kufanyiwa kwanza upasuaji mwingine, ule wa kupunguza tumbo la chakula, huenda akawa na upungufu wa protini, madini ya chuma au vitamini B12, na kidonda chake kikachelewa kufunga. Inafaa apimwe na kutibiwa kabla ya kupasuliwa. Anayevuta sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji, maana sigara hupunguza damu inayofika kwenye ngozi.

Uvimbe huweza kudumu kwa miezi, na kovu huchukua mwaka au zaidi kufifia. Kwa hiyo nawaomba madaktari wayaeleze haya yote kabla mgonjwa hajatia sahihi, mbele ya mtu atakayemuuguza nyumbani. Waajiri nao wamwondolee kazi za kunyanyua vitu vizito kwa takribani wiki 6, au hadi daktari wake atakaporuhusu.

Msomaji wako