Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: watoto wafundishwe kwamba deni nalo huuzwa

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa, salaam. Mimi ni mwalimu wa masomo ya biashara katika sekondari ya kata mkoani Morogoro.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mada ya vyanzo vya mtaji, mwanafunzi akanyoosha kidole: "Mwalimu, hivi deni nalo linauzwa?" Kitabu hakina jibu. Nikakifunika, nikachora ubaoni daftari la Mangi wa dukani, lile la kukopesha unga na sukari. Mama fulani anadaiwa 40,000, mwezi wa nane huu hajalipa. Mangi anahama mtaa. Anatokea mtu: nipe daftari, chukua 10,000 taslimu. Darasa likacheka. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Kwa hiyo huyo ndiye atakayekuja kwa mama na mgambo, akidai 40,000 yote na riba juu?" Kicheko kikakatika.

Zambia yalishaikuta hayo. Mwaka 1979 ilikopa Romania takriban dola milioni 15 za matrekta na vifaa vingine, ikashindwa kulipa. Mwaka 1999, serikali hizo mbili zikiwa bado zinazungumza namna ya kulimaliza deni kwa bei ya chini, kampuni ya Donegal International ikalinunua kwa dola milioni 3 na ushee, kisha ikaenda kuishitaki Zambia London ikitaka milioni 55. Mwaka 2007 mahakama ikaipa kama milioni 15.

Wanunuzi wa madeni kama hao watu huwaita tumbusi. Mifuko mingine ya uwekezaji, ile inayoitwa hejifandi, nayo imo kwenye kazi hiyo. Matajiri, vyuo vikuu na mifuko ya pensheni humkabidhi meneja fedha azizungushe popote penye faida, hata kwa kukopa, hata kwa kucheza dau kwamba bei itaporomoka. Elliott Management ya Marekani ilinunua hatifungani za Argentina, yaani hati za mkopo wa serikali, na Argentina iliposhindwa kulipa ikakataa punguzo la deni ambalo wadai wengi walilikubali. Oktoba 2012 kampuni yake tanzu ikapata amri ya mahakama nchini Ghana, na meli ya jeshi la majini la Argentina, Libertad, ikazuiwa bandarini Tema. Ilikaa pale zaidi ya miezi miwili, mpaka mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari ilipoamuru iachiwe. Mwaka 2016 Argentina ililipa. Fasili ya mtaji wanafunzi wangu wameshaisahau, lakini Tema wanaijua.

Sisemi tuwajaze chuki. Argentina ilikopa kwa hiari yake, na anayenunua hatifungani ya nchi kama zetu anabeba hatari, ndiyo maana anataka riba kubwa. Jirani zetu Kenya mwaka 2014 walikopa kwa hatifungani ya dola ya miaka kumi kwa riba isiyofika asilimia 7. Februari 2024, walipokopa tena ili kuilipa hiyo, gharama ilipita asilimia 10. Mtoto wa kidato cha tatu anaiweza hesabu hiyo, ila hajawahi kupewa.

Naomba mada moja tu kwenye mtaala, yenye visa vya kweli, na Baraza la Mitihani likiitungia swali lisiulize fasili. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya biashara tangu 1998. Mwanafunzi anaweza kufuatilia bei za kampuni mbili muhula mzima kwa daftari la kawaida. Vijana wangu wanabeti kwenye simu, matangazo ya foreksi yanawafuata kila siku. Mimi mwenyewe hisa zangu za kwanza nilinunua nikiwa na miaka 41, fomu nikajaziwa na kijana wa wakala huku naitikia tu.

Maandalio ya somo la daftari la Mangi ninayo, ni ya vipindi viwili na hayahitaji zaidi ya chaki. Wakuza mitaala wakiyataka, nitawapelekea kwa nauli yangu.

Mwalimu wa biashara,
Morogoro