Malalamiko kuhusu habu ya USB inayokata vifaa kila stima inapopotea

Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Februari 2026.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi Meneja,

MINT: HABU YA MATUNDU SABA NILIYOUZIWA TAREHE 6 DESEMBA 2025

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Kazi yangu ni ya upande wa wanawake, hasa siku ya kupamba. Nimewapigia simu mara tatu na nimefika tawini kwenu mara moja. Kila mara nimejibiwa kwa adabu, na kila mara nimeondoka na tatizo lile lile. Sasa naliweka kwa maandishi ili lifike kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Mwanzoni mwa Desemba laptopu yangu ya miaka sita ilikufa. Ilikuwa na matundu manne ya USB, tundu la HDMI la skrini na mahali pa kuchomeka kadi ya kamera. Ile mliyoniuzia badala yake ni nyembamba na nyepesi, lakini ina matundu mawili tu ya USB-C, yote upande wa kushoto, na moja wapo ndilo la chaja. Niliuliza pale kaunta nitachomeka wapi vitu vyangu. Kijana wenu akaniletea habu ya shilingi 6,500, kifaa kinachochomekwa kwenye tundu moja la laptopu ili kukupa matundu mengi, akanionyesha maandishi makubwa kwenye boksi: matundu 7, 4K, wati 100. Akaniambia hii itanimalizia shida zote na meza yangu itakuwa safi. Nilimwamini. Sikumpunja hata shilingi katika bei.

Nieleze kwanza hiyo meza, maana bila kuijua hamtaelewa kwa nini nalalamika. Nakaa katika nyumba ya zamani, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata msumari hauingii kwa urahisi. Chumba changu cha kazi kina soketi moja, nayo iko karibu na mlango. Meza iko dirishani. Kwa hiyo ekstensheni inapita ukutani chini ya mkeka mpaka kwenye meza, na juu ya ekstensheni hiyo inategemea laptopu, skrini na printa ya picha. Kuna diski ya nje, kuna kibao cha kuchorea ninachorekebishia picha kwa kalamu, kuna kipanya. Kwa laptopu ya zamani nilikuwa na nyaya nane, nazo nilikuwa nimezifunga kwa vitambaa vya leso iliyochakaa, kila waya na rangi yake, nikijua hata gizani huu ni wa nini.

Leo nyaya ni kumi. Habu imeleta mkia wake, yaani waya wa kuiunganisha na laptopu. Kibao, ambacho waya wake ulifika laptopu vizuri, sasa hakifiki, nimekinunulia ekstensheni. Kipanya cha waya nilikiacha kwa ushauri wenu wa simu ya kwanza, mkaniambia kisicho na waya kitapunguza msongamano. Nikanunua. Kikawa kinasitasita na kurukaruka kila diski inapofanya kazi. Nimekuja kujua kwamba hilo si bahati mbaya: data ya USB 3.0 inapopita hutoa mvumo wa redio unaoangukia karibu na masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na vipanya vya namna hiyo. Intel walilieleza hadharani tangu 2012. Dawa yake ni kukiweka kipokezi cha kipanya, kile kidude chake kinachochomekwa tunduni, mbali na tundu la diski kwa waya mwingine wa ekstensheni. Kwa hiyo nilinunua kipanya kisicho na waya, kisha nikakinunulia waya.

Tena huo mkia wa habu una urefu wa sentimita 15. Laptopu yangu imeinuliwa juu ya kistendi ili shingo isiniume, na habu haigusi meza. Inaning'inia hewani huku imebeba waya mzito wa HDMI na waya wa diski, na uzito wote huo unavuta tundu la laptopu niliyoinunua kwenu mwezi huo huo. Nimeitegemeza kwa kitabu. Ikiwa moto, na huwa moto hasa, hata kitabu kinapata joto.

Sasa hayo matundu saba. Nimeyahesabu upya nyumbani. Moja ni la chaja. Moja ni la skrini. Mawili ni ya kadi za kamera, ndogo na kubwa. Yanabaki matatu ya kuchomeka kifaa: kibao, kipokezi cha kipanya, diski. Printa haina mahali. Nikitaka kuchapisha picha moja ya kumwonyesha mteja lazima nichomoe kitu, na mara mbili nimechomoa kitu nisichokusudia. Yote matatu, pamoja na kadi, hupita katika njia moja ya gigabiti 5 kwa sekunde kuelekea kwenye laptopu, kwa hiyo nikihamisha picha kutoka kadi kwenda diski, zinaingia na kutoka kwa mlango mmoja. Kuhusu 4K, yaani ukali wa picha ya skrini, ni kweli skrini yangu inaonyesha 4K, lakini picha 30 kwa sekunde badala ya 60, na mtu anayechora kwa kalamu huliona hilo papo hapo: mstari unakuja nyuma ya mkono. Boksi halisemi 30 popote. Wati 100 nazo ni kiwango ambacho habu inaweza kupokea kwa chaja. Chaja mliyonipa ni ya wati 65, habu inajikatia sehemu yake kwanza, na laptopu inaniandikia kila asubuhi kwamba inapata umeme mdogo.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonifanya nishike kalamu ni usiku wa Jumamosi, tarehe 24 Januari.

Mnajua ilivyo hapa Pwani wiki za mwisho kabla ya Ramadhani. Harusi zinafuatana. Nilikuwa na kazi mbili mkononi, picha zimeshachaguliwa, nyingi zimesharekebishwa, albamu ya kwanza iko tayari kwenda kuchapishwa. Stima ikapotea. Hili si jambo geni, na sikushtuka, kwa kuwa laptopu ina betri. Skrini kubwa ikazimika, taa ikazimika, laptopu ikabaki inawaka. Lakini saa ile ile ilitoa mlio wa kifaa kilichochomolewa. Diski ilikuwa imetoweka, na programu ilikuwa katikati ya kuandika albamu ndani yake. Baada ya sekunde mbili tatu ikarudi, na iliporudi iliniambia haisomeki, nikitaka kuitumia niifute kwanza.

Nilikaa gizani nikiitazama ile taa yake ya buluu.

Siku zilizofuata nilijifunza kilichotokea. Chaja inapopita kwenye habu, habu ndiyo inayopokea umeme na kuugawa: huku inailisha laptopu, huku inavilisha vifaa. Stima ikikatika, mambo yanageuka, laptopu sasa ndiyo inayotakiwa kuilisha habu. Katika habu kama yenu mageuzi hayo hayafanyiki bila pengo. Habu inazimika kidogo, inajianzisha upya, na kila kilichochomekwa humo kinakatika. Kwa kipanya hiyo ni sekunde mbili za usumbufu. Kwa diski iliyo katikati ya kuandika ni kama kumnyang'anya mtu daftari wakati kalamu iko juu ya karatasi. Diski yangu imepangwa kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT, ambao hauweki kumbukumbu ya hatua zake, kwa hiyo ikikatizwa vibaya hauna pa kurudia.

Waliotunga kanuni za USB waliliona hili. Katika kanuni za kugawa umeme kwa USB mna utaratibu wa kubadilishana zamu kwa haraka: chaja ikikatika ghafla, laptopu inashika kuilisha habu kabla vifaa havijahisi. Dawa ipo, basi, na zipo habu zilizotengenezwa hivyo. Ninyi mnauza bidhaa hii katika mji ambao stima hupotea bila taarifa, na hakuna neno moja kwenye boksi, kwenye karatasi ya maelezo wala kwenye kinywa cha muuzaji linalomtahadharisha mnunuzi.

Sikutaka kuwasingizia, kwa hiyo nilijaribu mwenyewe kwa diski nyingine isiyo na kitu. Nilizima soketi ukutani mara sita diski ikiwa kwenye habu. Mara zote sita ilikatika. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la pili la laptopu, nikazima soketi mara sita tena. Haikukatika hata mara moja. Nimepiga video ya majaribio yote mawili na ninaiambatisha.

Nilipofika tawini tarehe 28 Januari niliambiwa mambo matatu. La kwanza, kwamba ningekuwa na nakala. Picha za asili ninazo, ziko kwenye kadi, na ndiyo sababu mabibi harusi wale wawili wana picha hii leo. Kilichopotea ni kazi ya mikono yangu juu ya picha hizo. La pili, kwamba ningezihifadhi kwenye mtandao. Siku ya kupamba wanawake huvua mabuibui, simu huachwa mlangoni, na mimi huingizwa na kamera kwa sababu mama wa bibi harusi amepewa neno langu kwamba picha hazitapanda mtandaoni. Kazi yangu yote imesimama juu ya neno hilo. Nyaya mezani pangu ni nyingi kwa ajili ya neno hilo hilo: picha zinatoka kadi kwenda diski kwenda printa, na haziendi kwingine. La tatu, kwamba nimpelekee diski fundi wenu arudishe kilichopotea. Fundi ni mwanamume, na ili ajue kama amefanikiwa lazima azifungue picha azitazame. Sikuweza kukubali, na sitakubali.

Basi nilirudia kazi. Kuanzia tarehe 25 Januari hadi 2 Februari, siku tisa, nikipata usingizi wa muda wa saa nne tu usiku mmoja, wa saa tano usiku mwingine. Albamu moja nilichelewa kuitoa, na nilimpa bibi harusi huyo bure kwa kuwa nilimvunjia ahadi. Gharama ya kuichapisha ilikuwa shilingi 14,000, kutoka mfukoni mwangu. Mama yake alisema haina neno. Lakini ana binti wengine wawili, na sijui kama ataniita tena.

Kisha kijana wenu akanishauri ninunue kituo kikubwa cha kuunganishia chenye adapta yake ya umeme, kwa shilingi 18,000. Nilimuuliza kwa nini hakunionyesha hicho siku ya kwanza nilipomwambia nafanya kazi gani na nina vifaa vipi. Hakuwa na jibu, na simlaumu sana. Naona wazi kwamba hata yeye hakuna aliyemweleza tofauti. Matundu ya USB-C yote yana umbo moja, lakini yaliyo nyuma ya umbo hilo si sawa: moja linapitisha umeme na data tu, jingine linapitisha na picha ya skrini, jingine linafanya yote kwa kasi kubwa zaidi. Mnunuzi hawezi kuona kwa macho. Anamtegemea anayemuuzia.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata kitu cha ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nacho kikamilifu, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Naomba yafuatayo kwa msingi huo. Mnirudishie shilingi 6,500, au mnibadilishie kwa habu isiyokata vifaa stima inapopotea, mkiijaribu mbele yangu kwa kuzima soketi. Mnilipe shilingi 14,000 za albamu. Siku tisa za kazi sizidai kwa fedha, lakini nataka mzikiri kwa maandishi. Na kwa wale watakaonunua baada yangu, bandikeni kwenye boksi karatasi inayosema kwa Kiswahili kinachosomeka: skrini ya 4K ni picha 30 kwa sekunde, matundu ya vifaa ni matatu, na usiache diski ikiandika kupitia habu hii kama umeme wa kwako haudumu. Karatasi hiyo haitawagharimu hata shilingi mbili kwa boksi.

Ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitalipeleka suala hili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai langu la fedha katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Habu iko kwangu ndani ya boksi lake, na risiti iko salama. Msinitumie mtu wa kuichukua bila kunipigia simu kwanza. Mchana huwa kazini.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, mpiga picha wa harusi.

Viambatisho: nakala ya risiti ya tarehe 6 Desemba 2025, video mbili za majaribio, picha za pande nne za boksi, risiti ya uchapishaji wa albamu.