Barua ya wazi kwa vijana wetu wa kazi za onlaini: huo uhuru mnautumia lini?

Wanangu, nawasalimu kutoka Tanga. Nyie mnaotafsiri, mnaochora nembo, mnaoandika programu, mnaosikiliza sauti za watu na kuzigeuza maandishi, mnaosimamia kurasa za matajiri msiowahi kuwaona kwa macho, barua hii ni yenu.

Mtoto wa mdogo wangu anakaa kwangu huu mwaka wa pili, ni dizaina, kazi anapata Upwork, ule mtandao wa kutafutia kazi za onlaini, kwa watu wa Marekani. Juzi nimeamka saa nane usiku naenda msalani nikakuta taa ya chumbani kwake inawaka na mlango uko wazi, juu kavaa shati limepigwa pasi chini kajifunga kikoi, anaongea na mteja wa California, kule kwao saa kumi jioni wanajiandaa kufunga ofisi. Nikasubiri amalize nikampelekea chai. Nikamuuliza mwanangu umelala saa ngapi leo, akasema baba mkubwa sijalala bado ila muda napanga mwenyewe, ndo raha ya kujiajiri. Nikamuuliza na baharini umeenda lini, maana tunakaa Raskazone, kutoka getini mpaka majini ni dakika tano kwa mguu. Akafikiri. Akafikiri tena. Hakukumbuka.

Sasa msije mkadhani mimi ni wale wazee wa kuwaambia mtafute kazi za kueleweka. Kazi yenu naijua, nimeila miaka zaidi ya ishirini kabla hata haijawa na jina. Mwaka 1996 shirika nililokuwa nafanya lilipunguza watu na mimi nikawemo, nikarudi nyumbani na kamusi mbili na mashine ya kuchapa nikaanza kutafsiri nyaraka kwa bei ya ukurasa. Kazi zilikuja kwa faksi, baadae kwa diski, baadae nikawa napanga foleni intaneti kafe nalipia kwa dakika ili nitume kurasa arobaini. Nawaambia ukweli nilijiona mfalme, sina bosi, sisaini daftari la kuingia. Na miaka tisa ya kwanza sikupumzika hata wiki moja mfululizo. Mwanangu wa pili alipoanza darasa la kwanza nilikuwa nyumbani humo humo, chumba cha pili, nasikia mama yake anamfunga kamba za viatu, na mimi nimeinamia ripoti ya mradi wa maji ambayo mwenyewe alikuja kuilipa baada ya miezi mitano. Sikutoka kumwangalia. Nilijiambia jioni nitamuuliza ilikuwaje, jioni ikaja kazi nyingine.

Kilichonifungua macho ni kazi yenyewe. Siku moja naletewa sheria za kazi nizipitie kwa ajili ya semina, na ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndo ilikuwa bado mpya. Nikawa nasoma kifungu baada ya kifungu huku moyo unanidunda, maana kila haki aliyopewa mwajiriwa wa Tanzania mimi mtu huru sikuwa nayo. Saa 45 kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo upewe saa nzima ya kupumzika. Kila wiki saa 24 za mapumziko. Likizo siku 28 kwa mwaka tena za malipo. Mama akijifungua siku 84, pacha 100, na baba siku tatu. Hata usiku umeandikwa mle, unaanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa unayofanya kazi muda huo unaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa saa hiyo. Hiyo ni haki ya mlinzi wa getini na karani wa bandarini, sio ya mabosi. Nikajiuliza kama mimi ndo bosi na mimi ndo mfanyakazi, basi huyu bosi ni wa kushtakiwa.

Kwa hiyo wanangu mahali pa kuanzia ni hapo, jipeni kwanza kile ambacho sheria ingemlazimisha mtu baki awape. Chukua kalenda sasa hivi uhesabu siku 28, uzipige mstari kabla mteja hajazichukua, na uwape taarifa mapema, mteja mwenye akili hakatai, anachokichukia ni kushtukizwa. Mikutano ya usiku iwe na bei ya usiku, wala usione aibu kuitaja. Na siku moja ya wiki laptopu ifungwe, Ijumaa au Jumamosi au Jumapili ni wewe na imani yako, ila ifungwe kweli, sio ifunikwe halafu simu iko mfukoni inatetema.

Lakini kupumzika tu hakutoshi na hili ndo hasa lililonikalisha kuandika. Nilipoanza kujipa siku za mapumziko nilizimaliza kwa kulala na kuangalia mpira, Jumatatu nikaamka nimechoka vile vile. Muda uliobaki baada ya kazi una tabia ya kuliwa na kazi. Kilichonisaidia ni kupata kitu nje ya kazi chenye saa zake chenyewe, saa ambazo mimi siwezi kuzisogeza.

Kwangu mimi kilikuwa bamvua. Nilikuwa na mjomba Pangani, fundi wa mashua, na mashua inapandishwa ufukweni kufanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mara mbili kwa mwezi. Bamvua haijui dedilaini. Ukichelewa maji yameshatoka na chombo kimebaki huko huko kinaelea, unasubiri wiki mbili. Basi nikaanza kuwaambia wateja tarehe hizi mpaka hizi sipo, nikawa napanda gari la Pangani, wakati ule barabara ni vumbi tupu, nafika nimekuwa mwekundu kichwa mpaka miguu, nakaa siku tatu nne na mjomba.

Alinifundisha kukalafati, yaani kuziba nafasi za katikati ya mbao za mashua maji yasiingie. Unachukua pamba, unaisokota kwenye paja kama unasokota kamba, unailoweka mafuta ya nazi, halafu unaishindilia katikati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mimi nilikuwa nashindilia kwa nguvu kwa sababu nimezoea kumaliza kazi haraka. Mjomba ananishika mkono ananiambia sikiliza. Mwanzoni nyundo inatoa mlio mzito mfu, pamba inapokaa vizuri mlio unabadilika unakuwa mkavu, unalia kama mti mzima, hapo unasogea mbele. Ukiendelea kupiga unaitanua mbao, ukiacha mapema maji yanaingia. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuusikia ule mlio bila kuambiwa. Siku niliposikia mwenyewe, jua linazama upande wa mtoni, kivuko kinavuka kwenda Bweni, mjomba hakusema kitu, alininyooshea tu pamba nyingine, na mimi mtu mzima wa miaka hamsini machozi yalinilenga.

Mjomba alifariki 2011. Nilikuwa nimeshakaa naye bamvua zaidi ya mia moja. Mwajiriwa gani angepewa ruhusa hiyo? Ule ndo uhuru wangu nilioula, sio ule wa kuchagua kufanya kazi usiku badala ya mchana.

Najua mtasema baba mkubwa sisi hatuna akiba, tukikataa kazi moja kodi ya nyumba hailipiki. Ni kweli kabisa na sitawadanganya, mtu asiye na akiba hana uhuru hata awe na wateja kumi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza bana matumizi, kusanya ya miezi mitatu ya kula na kodi, iweke mbali na simu yako, na NSSF wanapokea waliojiajiri wenyewe kwa hiyo nenda ukajiandikishe ungali kijana. Kata bima ya afya. Halafu pandisha bei kidogo kidogo kwa wateja wapya, yule anayekulipa kidogo na kukusumbua sana umuage kwa heshima. Hayo mkishayafanya ndo mtakuwa na ubavu wa kusema sipo.

Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ikawa inasuasua siku kadhaa? Huyu kijana wangu, wakati huo yuko hapa kaja kunisalimia, asubuhi alizunguka nyumba nzima na simu juu kama anatafuta mwezi. Mchana nikamwambia twende Deep Sea, soko la samaki, tukanunue samaki. Tukakaa pale mpaka magharibi, tukala pweza, akaongea na wavuvi, akachora ngalawa kwa penseli nyuma ya risiti, mchoro mzuri kuliko nembo zote alizonionyesha. Ile risiti ninayo nimeibandika kwenye kabati. Usiku ule wa California nilimwonyesha, akaishika muda mrefu akasema baba mkubwa nilikuwa nimesahau kama naweza hivi.

Mtoto wa mjomba ndo fundi sasa pale Pangani, na mwezi mpevu ujao anapandisha mashua yenye ubavu unaovuja. Mimi na kijana wangu tunaenda, ameshamwandikia mteja wake. Mlioko Tanga mkitaka kuja njooni, pamba na nyundo zipo za kutosha, vaeni nguo za kuchafuka na mfike kabla maji hayajajaa.

Baba Mkubwa wenu,
Raskazone, Tanga