Mama Junior, zile dola usizitume kwanza

Lubumbashi, 14 Juni

Mama Junior mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Katuba. Umeme umekatika tena, nakuandikia kwa tochi ya simu. Nimefurahi mno viza zimetoka na Agosti mnakwenda kwa kaka yako Paris. Ila niliposoma barua yako nikafika kwenye habari ya yule kijana wa WhatsApp anayekuuzia tiketi 4 za Disneyland, ile bustani ya michezo, kwa nusu bei, niliweka kikombe cha chai chini.

Anakulipisha hata Junior? Junior ana miaka 2! Pale mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Mwenye tiketi za kweli angekuwa analijua hilo.

Mimi niliwahi kuliwa hivyohivyo, nikakuficha kwa aibu. Nilikuwa kwa dada yangu Brussels, tukaondoka alfajiri na watoto wake kwenda hukohuko Disneyland. Mlangoni mashine ikasoma tiketi ya kwanza: imeshatumika. Ya pili vilevile. Kumbe tiketi yenyewe ni ile alama ya miraba (QR) tu, na mwenye picha yake anaweza kuwauzia watu kumi. Anayewahi lango ndiye anayeingia. Nyingine hununuliwa kwa kadi ya benki ya wizi. Mwenye kadi akilalamika zinafutwa, nawe uko njiani umebeba maji na mikate. Nikampigia muuzaji, simu imezimwa. Watoto wakala viazi vya kukaanga nje, wakiwasikia wenzao wakipiga kelele za furaha ndani. Dada hajanisahaulisha mpaka leo.

Kwa hiyo usimtumie kitu kwa Airtel Money. Hela ikishafika kwake, nani atakurudishia? Kaka yako anunue mwenyewe kwenye tovuti ya Disneyland Paris, kwa kadi yake. Bei inabadilika kufuatana na siku, basi aangalie kalenda achague iliyo nafuu, tena mapema. Na kama huyo kijana anakuuzia na usafiri, cheka tu: treni ya RER A inatoka katikati ya Paris na kuishia Marne-la-Vallée–Chessy, hatua chache na lango.

Kabla hujamfuta kwenye simu, muulize Junior analipia nini. Uniandikie atakavyojibu, nataka kucheka.

Wako,
Mama Esther