Nauli nafuu haitoki mfukoni mwa mpakia mizigo

Mhariri,

Kijiweni kwetu hapa Isevya ubishi wa nauli za ndege hauishi. Mtu akitua kutoka Dar es Salaam akataja alicholipa, wenzake wanashika vichwa, na hakosekani mmoja wa kusema kampuni zibane mishahara ya wale wa uwanjani, nauli itashuka yenyewe. Nimekatisha tiketi za mabasi ya Tabora na Kigoma kwa miaka 11. Naomba nafasi nimjibu huyo ndugu, maana kwenye jambo hili basi na ndege ni mtu na mdogo wake.

Huko Marekani, Southwest, kampuni ya ndege ya nauli nafuu, ilianza kubeba abiria Juni 1971, kati ya miji mitatu tu ya jimbo la Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata mambo yaliwaharibikia hadi wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Tajiri wa kwetu hapo angefuta safari. Wao ratiba hawakuigusa. Waliamua ndege ikishafika isikae chini zaidi ya dakika 10. Dakika 10, Mhariri! Mimi muda huo bado nabishana na abiria wa kwanza kuhusu kuku wake. Ndani ya dakika hizo watu washuke, mizigo itoke, mingine iingie, takataka ziokotwe, wengine wapande. Iliwezekana kwa sababu hakukuwa na wa kusema "hiyo si kazi yangu". Wahudumu waliinama chini ya viti kuokota makopo, na ikibidi hata rubani alishika begi. Ndege tatu zikafanya kazi ya nne.

Siku hizi dakika hizo 10 hazipo tena, lakini hesabu ni ileile: chombo kilichosimama hakiingizi kitu, na huku mkopo na bima vinaendelea kula. Halafu walishikilia ndege za ukoo mmoja, Boeing 737. Fundi akiijua moja ameshazijua nyingine, rubani akiugua mwenzake anaingia, na spea ni za aina moja. Tajiri wangu alikuwa na mabasi matano ya aina tatu. Tulilala Uvinza na abiria, akiwemo mama mwenye kichanga, kwa ajili ya mkanda wa injini, na stoo Tabora ilikuwa na mikanda imening'inia ukutani kama nyoka. Hata mmoja haukutufaa.

Sasa turudi kwa ndugu yangu wa kubana mishahara. Herb Kelleher, mwanasheria aliyeshiriki kuianzisha kampuni ile, alikuwa akisema waziwazi kwamba mfanyakazi anatangulia, abiria anafuata, mwenye hisa anakuja mwisho. Maneno ya namna hiyo kila ofisi inayabandika ukutani. Yeye aliyawekea fedha: tangu miaka ya 1970 wafanyakazi wanapata fungu lao kwenye faida. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kampuni nyingine kubwa za huko zilipunguza watu kwa maelfu. Southwest haikumpunguza hata mmoja. Mwaka huohuo Colleen Barrett, aliyeanza kama katibu muhtasi wa Kelleher, akawa rais wa kampuni. Na wasidhani ni watu wasiojua haki zao, sehemu kubwa yao wamo kwenye vyama vya wafanyakazi. Kampuni ya nauli nafuu, yenye watu wa namna hiyo, ilipata faida kila mwaka kuanzia 1973 hadi 2019.

Si malaika. Desemba 2022 walifuta safari zaidi ya 16,000 ndani ya siku chache. Baridi kali ilianza, kisha programu yao ya kizamani ya kupanga wafanyakazi ikashindwa kabisa, na marubani walikuwa wameshaonya miaka mingi. Mwaka 2025 wakapunguza watu wa makao makuu wapatao 1,750, kitu ambacho hawakuwahi kukifanya. Naona hata huko wajukuu wameanza kuuza shamba la babu.

Kwetu tulikuwa na mtu tuliyemwita Mzee wa Buti. Kazi yake kupakia mizigo Tabora alfajiri. Hakuandika popote, ila alikuwa anauliza kila abiria anashukia wapi: wa Kigoma mzigo wake unasukumwa ndani kabisa, wa Uvinza unafuata, wa Kaliua na Urambo unakaa mlangoni. Tukifika Urambo utingo anafungua buti, anavuta, anafunga, tunaondoka. Malipo yake yalikuwa kwa safari, tena ya kukopwa kopwa. Siku moja alidai 6,000 zake za safari tatu, akaambiwa wapakiaji wamejaa stendi nzima. Ni kweli walikuwa wamejaa. Kesho yake alipakia kijana mwingine, gunia popote linapoingia, na Kaliua tukashusha nusu ya mizigo ya Kigoma barabarani ili tufikie baiskeli ya mtu mmoja. Dakika 40. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi, na dereva akawa anafidia kwa mwendo, jambo ambalo sote tunajua linakoishia. Mwaka uliofuata tajiri alipandisha nauli, akasema ni mafuta.

Msimu uliopita nilimkuta Mzee wa Buti Urambo, anapanga marobota ya tumbaku ghalani. Hata salamu hatujamaliza, akacheka: "Eti kaka, lile basi bado linafanya mnada Kaliua?"

Mkatisha tiketi wa zamani,
Isevya, Tabora.