Barua ya wazi kwa Mkurugenzi anayesimamia dawa: wanga wa kwenye vidonge umetoka wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo. Najua una mambo mengi na mimi sio mtu wa kuandika barua hadharani, ila toka mwezi wa tatu nimepiga simu ofisini kwenu mara nne, kila mara naambiwa acha namba tutakupigia. Namba nimeacha mara zote nne. Sijapigiwa. Na Alhamisi iliyopita yamenikuta tena, ndo maana naandika.

Nina ugonjwa wa seliaki. Kuna protini inaitwa gluteni, iko kwenye ngano, shayiri na nafaka nyingine jamii ya ngano inaitwa rai, mimi ikiniingia kinga ya mwili inageuka inashambulia utumbo wangu wenyewe, chakula hakinyonywi vizuri, damu inapungua, nabaki mifupa. Nimetibiwa amiba, nimetibiwa taifodi, nimetibiwa vidonda vya tumbo, miaka sita hiyo, mpaka dokta mmoja akaagiza kipimo cha damu halafu nikapitishwa mpira wenye kamera wakakata kinyama kidogo cha utumbo ndo ikajulikana. Tiba yake ni kutogusa gluteni maisha yangu yote, hakuna nyingine. Na chakula nimeshamudu. Ugali, wali, mihogo, ndizi, nakula nashiba, chapati na maandazi niliviaga zamani, kwenye shughuli za watu naenda na hotpoti langu na wameshanizoea. Kinachonishinda ni kidonge.

Alhamisi jino liliniamka, saa tatu usiku nimekimbilia duka la dawa la mtaani. Dada wa pale akafungua kopo la vidonge elfu moja vya maumivu, akahesabu kumi, akavitia kwenye kibahasha, akaandika 2x3. Nikamwomba anioneshe kopo. Limeandikwa jina la dawa, miligramu, namba ya bechi, tarehe ya kuisha, basi. Nikaomba ile nyingine ya boksi, nikatoa kile kikaratasi kilichokunjwa kunjwa nikakimulika na tochi ya simu, herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikakuta ina wanga. Wanga wa nini? Haisemi. Dada akaniambia, "Dada yangu hii ni dawa sio mkate, ngano itoke wapi?" Hakuwa na ubaya, hakuna aliyewahi kumfundisha. Ila wanga ndo unaoshikanisha kidonge kisimomonyoke, na unaweza ukawa wa mahindi, wa viazi, wa muhogo, wa mchele, na wa ngano pia unaruhusiwa kabisa kwenye utengenezaji wa dawa.

Jino likanishinda, nikameza viwili vya lile kopo. Kufika Jumamosi tumbo limejaa kama ngoma, naharisha, vidonda mdomoni, siku nne sijaenda kazini na mimi nalipwa kwa siku. Siwezi kuapa kwamba ni kile kidonge. Labda nililishwa kitu sehemu nyingine bila kujua. Lakini ndo hapo panaponiuma Mheshimiwa, siwezi kuapa kwamba ndicho na siwezi kuapa kwamba sicho. Najua vidonge vingi havina ngano, wanga wake ni wa mahindi au viazi, kwa hiyo inawezekana hii miaka yote nimelala na homa naogopa dawa ambayo ilikuwa salama kabisa kwangu, kisa tu hakuna aliyeandika neno moja.

Mara nyingine nanunua parasetamoli ya maji ya watoto ili nikwepe kidonge. Ile ina miligramu 120 kwa kila mililita 5, mimi mtu mzima nikitaka kufikia kidonge kimoja cha 500 nakunywa kama mililita 20, chupa ya mililita 60 haifiki hata dozi tatu. Hiyo ndo tiba ya mtu mwenye miaka 38?

Na sio kwamba naomba kitu ambacho hakijawahi kufanyika duniani. Nchi za Umoja wa Ulaya dawa ya kumeza ikiwa na wanga wa ngano ni lazima iseme. Marekani Desemba 2017 walitoa rasimu ya mwongozo inayowashauri watengenezaji waandike kama dawa haina kitu kilichotokana na ngano, shayiri au rai, na ni ushauri tu sio lazima, ila angalau jambo limeshikwa. Kwetu nahisi linaonekana ugonjwa wa wazungu. Mimi ni wa Tabata, nimezaliwa Muheza.

Kabla dawa haijaingia sokoni si mnapelekewa faili lake? Mle ndani mtengenezaji ameeleza kila kilichomo. Basi wanga wa ngano uandikwe ngano, wa mahindi uandikwe mahindi, kwenye boksi na kwenye lile kopo la elfu moja, kwa sababu sisi tunaokatiwa vidonge viwili vitatu boksi hatuendi nalo nyumbani. Kama kubadilisha maboksi kunachukua muda, mtoe hata orodha ya dawa za maumivu na mafua zisizo na ngano, ibandikwe kwenye maduka ya dawa. Kama hata orodha ni ngumu, basi nipigieni hiyo simu. Ni dawa ya maumivu tu nataka kujua Mheshimiwa, wanga wake umetoka wapi.

Kibahasha bado ninacho, kimebaki na vidonge vinane, na jino halijang'olewa.

Mgonjwa wa seliaki, Tabata