Safari ya kujitolea haianzii kwenye begi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji, hasa vijana na wazazi wao, kuhusu jambo linalonisumbua kila ninapoombwa ushauri na mtu aliyekubaliwa kwenda kujitolea nje ya nchi. Swali la kwanza huwa ni lile lile: nibebe nini? Tena huulizwa zikiwa zimebaki wiki mbili au tatu tu kabla ya safari, wakati ambapo mambo mazito kuliko begi yameshachelewa.

Zito kuliko yote ni chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa ratiba ya kawaida, hutolewa kwa dozi tatu, ya pili ikifuata baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Zipo ratiba za haraka, lakini mtu anayekwenda kusaidia katika zahanati, mahali penye sindano na damu, hana sababu ya kuzitegemea ikiwa alijua habari za safari yake nusu mwaka kabla. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo aliyechomwa sindano Jumatatu na kupanda ndege Ijumaa ya wiki hiyo hiyo anaweza kuzuiwa mpakani ingawa kadi yake ina mhuri na sahihi zote zinazotakiwa. Kwa upande mwingine, tangu Julai 11, 2016, Kanuni za Afya za Kimataifa zinakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenye nacho, hivyo mwenye kadi ya zamani asikubali kuambiwa kwamba imekwisha muda kwa kuwa tu imepita miaka 10.

Kwa anayekwenda penye malaria, daktari ndiye atakayechagua dawa ya kinga, na aonwe mapema, kwa sababu zipo zinazoanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya kusafiri na zipo za kila wiki zinazotaka kuanzwa wiki mbili kabla au zaidi. Doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo za kinga, huendelea kumezwa kila siku kwa wiki nne baada ya kuondoka katika eneo lenye malaria. Wengi huiacha mara wanaposhuka ndege nyumbani, na hilo ni la hatari, kwani vimelea vilivyoingia mwilini siku za mwisho za safari huweza kujitokeza baadaye.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na kurasa tupu, na nchi kadhaa huihesabu kazi ya kujitolea kuwa ni kazi hata kama haina malipo, kwa hiyo viza ya utalii haitoshi. Taasisi ikikwambia useme mpakani kwamba umekuja kutembea, ujue inakutaka udanganye, na atakayerudishwa ni wewe. Anayekwenda kufanya kazi na watoto atafute pia cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho mahali pengi hakipatikani kwa siku mbili.

Sasa tufike kwenye begi, na hapa kinachoniumiza ni misaada inayobebwa bila kuombwa. Nimewahi kusaidia kupanga mzigo wa msafiri aliyekusanya dawa kwa majirani zake kwa moyo safi kabisa. Nyingi zilikuwa vipande vya karatasi za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, na mkasi ulikuwa umepita pale pale palipoandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwongozo wa misaada ya dawa uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 na kuboreshwa baadaye unataka dawa zitumwe kwa mahitaji yaliyotajwa na mpokeaji, ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika, na zisiwe zile zilizokwisha kutolewa kwa wagonjwa kisha zikarudishwa. Mzigo ule haukutimiza hata sharti moja, na ungewaachia wenyeji kazi ya kuuteketeza.

Dawa zako mwenyewe zibaki katika vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari, kwani dawa za maumivu zenye kodeini zina masharti makali katika baadhi ya nchi. Betri za akiba za kuchajia simu ziwe katika begi la mkononi, kwa kuwa haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Viatu viwe vimeshauzoea mguu. Nguo ziwe chache za kufanyia kazi.

Ombi langu ni kwa taasisi zinazopeleka watu. Zimpe kila aliyekubaliwa, angalau miezi sita kabla ya safari, karatasi iliyoandikwa na wenyeji wenyewe inayotaja kazi atakayofanya, aina ya viza inayohitajika, chanjo zinazotakiwa, na vitu ambavyo wao wameomba viletwe, hata kama jibu lao ni kwamba hawahitaji kitu chochote.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Msomaji wa siku nyingi